Mji Usiosema Karibu

Katika mji mkuu wa zamani, ukimwambia mgeni "karibu" kwa kinywa chako, nyumba ni yake na wewe unatoka. Usiniulize sheria hiyo ilianzaje. Kila mtalii ana kidude shingoni, nacho kinasikia hata mnong'ono. Akina Mwinshehe walimkaribisha mmoja chai. Sasa wanalala sokoni.

Basi jioni ile Mwanakombo alipomtembeza mgeni wake vichochoroni, akimweleza habari za boma na milango ya nakshi, watu waliokuwa wakila barazani walifumba midomo. Mgeni, bwana mpole mwenye kofia nyeupe, alibisha hodi kila mlango. Hakuna aliyeitikia.

Walipofika nyumbani kwao, Mwanakombo alitazama pembeni. Mama yake alikuwa peke yake na sinia la wali.

"Hodi, mama," mgeni akasema.

Mama akajitia tonge kubwa mdomoni, macho yamemtoka, mpaka wakapita.

Ziara iliishia ufukweni. Mwanakombo akashusha pumzi. Mgeni akampa mkono.

"Asante sana, dada. Umenitembeza vizuri mno."

"Karibu tena," akajibu Mwanakombo, kama alivyolelewa.

Kidude kikawaka kijani.

Mgeni hakucheka wala hakushangaa. Aliiweka sawa kofia yake.

"Yule mama wa wali," akasema taratibu, "mmefanana sana."

Kisha akageuka kurudi kichochoroni, na safari hii yeye ndiye aliyetangulia.