Nukta ya Pembeni

"Herufi ndogo kama sisimizi! Nani aliyekuchorea kadi hii, adui yako?"

Mzee Kuramochi aliishika kadi kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Mwanamke aliyempa, naye kwa mikono miwili, alicheka kidogo. Jina la ukoo ndilo pekee lililosomeka bila miwani: Segawa. Lilitosha, maana mgeni wa kazi huitwa kwa ukoo wake. Mzee aliiweka kadi mezani, akaweka sawa tai yake.

"Haya, Bi Segawa. Tuone ulichochora."

Mwanamke alifungua kompyuta. Skrini ilijaa nukta, kila nukta hati moja, na mistari ikiziunganisha hati zinazohusiana. Ukigusa nukta, hati inafunguka; ukifuata mstari, unaifikia nyingine. Kazi hiyo ya kuchora njia Kuramochi aliifanya maisha yake yote hapo mjini Kanazawa, na vijana waliuogopa ulimi wake.

"Unamchorea nani?"

"Mtu mmoja aliyepotea, Mwalimu. Akifika kwenye nukta ile ya pembeni, nimeshinda."

"Mmoja tu? Biashara gani hiyo! Utakufa njaa."

"Ndiyo niliyo nayo."

Mzee alianza kugusa. Cheti cha shule ya msingi. Mstari ukampeleka kwenye picha ya theluji, kisha kwenye mchoro wa mtoto: mwavuli mwekundu, umepindapinda. Hapo kidole kikasita. Alirudi nyuma, akashika njia nyingine, akakwama palepale kwenye mwavuli. Bi Segawa alikuwa amekunja mikono yake kifuani.

"Umeharibu," mzee alisema. "Umechora njia kuanzia ulipo wewe. Aliyepotea huchorewa kuanzia alipo yeye."

Mwanamke aliandika, kichwa chini. "Nitarekebisha, Mwalimu."

Mama mmoja mwenye aproni aliingia na chai. "Mzee Kuramochi, kunywa, isije ikapoa kama ya jana!"

"Umesikia? Wahudumu wa ofisi siku hizi hawana haya," mzee alinong'ona mama yule alipotoka.

Lakini chai ilimlegeza. Alipozungumza tena, ukali ulikuwa umemtoka.

"Nina binti, Chinatsu. Rika lako hivi. Aliolewa, akachukua jina la watu, basi, kimya. Kuja kunijulia hali haji. Upweke unauma, Bi Segawa. Unauma kuliko jino."

"Labda huwa anakuja."

"Angekuja nisingemwona? Mimi si kipofu."

Bi Segawa alifunga kompyuta taratibu. Akainama kuaga, akainama sana, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko desturi ya kazi inavyodai. Kisha akatoka.

Kuramochi alibaki na kikombe chake. Yule mwanamke alimpendeza. Ana bidii, ingawa njia zake hazifiki. Pengine angemwalika tena.

Kadi ya mgeni haiachwi ovyo mezani, huo ni utovu wa adabu. Akavuta droo aiweke. Droo ikagoma, akaivuta kwa nguvu: ilikuwa imejaa kadi hadi juu. Akaisukumiza ile mpya juu ya nyingine, bila kuvaa miwani, akafunga. Na zote, ya juu hadi ya chini kabisa, zilikuwa na jina moja: Segawa Chinatsu.