Alileta Lakabu

Salhiya alikuwa ukumbini akimenya machungwa, mumewe alipomsogezea fumbo alilolitunga pembezoni mwa gazeti. Tangu waoane walikuwa wakicheza hivyo: mume akitunga, mke akifumbua kabla wino haujakauka.

"Mgeni alileta lakabu. Tafuta neno lililojificha humo, herufi sita."

Hakuhitaji hata kalamu. Alichukua mwisho wa neno moja akauunga na mwanzo wa lile linalofuata. "Ta" ilitoka kwenye "alileta", na "laka" ikatoka kwenye "lakabu".

Talaka.

Kisu kikasita juu ya ganda. Salhiya akamtazama mumewe, akitaraji kumwona anacheka. Hakucheka. Alikuwa akipangusa miwani kwa ncha ya kanzu, akipangusa na kurudia, na vioo vyenyewe vilikuwa safi.

"Nlijua halitokupa taabu," alisema bila ya kuinua uso. "Umelipata?"

Neno lilikuwa limeshamfika ulimini. Angelitamka yeye, mumewe angeitikia kwa kichwa tu, na mambo yangekwisha hapo. Salhiya akalimeza.

"Leo umenishinda."

"Wewe? Haiwezekani. Tazama vizuri."

"Nshatazama." Akaweka kisu chini, akajifuta maji ya chungwa viganjani, akamrudishia gazeti lake. "Nambie mwenyewe, mume wangu. Kwa mdomo wako."

Mumewe akaivaa miwani. Akamtazama mkewe usoni, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akafungua kinywa, na kinywa kikabaki wazi.