Mfuko wa Kulalia Dirishani

Yule mteja alikuwa amelala dirishani tena.

Si kwamba alijinyoosha kidogo kupima urefu, la. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, na nje ya kioo wapita njia wawili wamesimama wakimtazama kama wanaotazama samaki.

"Mwanangu," keshia alimnong'oneza muuzaji, "huyu mtu wako anaujaribu mfuko, au mfuko unamjaribu yeye?"

Muuzaji alijifanya hajasikia. Dukani walimwita Kasuku, kwa jinsi alivyokariri sifa za kila kitu kilichomo: mahema, majiko ya gesi, viatu vya milimani. Kukariri alikariri, kuuza ndiko kulikomshinda. Kipindi chake cha majaribio kilikuwa kinakwisha, na bosi alishamwambia kwamba duka halilipi mshahara wa mashairi.

Ndipo akatokea huyu. Siku ya kwanza aliingia saa ya chakula cha mchana, shati vifungo kombo, macho mekundu, akasimama mbele ya mifuko ya kulalia akiyumba taratibu, kushoto, kulia, kushoto. Kasuku akamwahi kabla hajabadili mawazo.

"Karibu kaka. Huu ni wa nyuzi za kiwandani. Hata ukilowa una joto, ila ni mzito. Huu sasa ni wa manyoya ya bata. Ushike. Unaona? Utadhani umeshika hewa. Ukiukunja unaenea kwenye kimfuko cha ukubwa wa mkate, unatia kwenye begi, unavuka milima hata hujui kama umebeba kitu."

"Na hii kofia yake, ukiivuta inaziba masikio?"

Hapo Kasuku akajua amempata mtu wa porini hasa. Wanunuzi wa kawaida huuliza rangi.

"Mnakwenda wangapi, kaka?"

"Tuko wanne. Ila wawili usiku hawalali."

"Wanakesha kwa zamu?"

Mteja alifikiri. "Zamu hawana. Wote kwa pamoja."

"Afadhali hao kuliko walinzi wanaosinzia," alisema Kasuku kwa heshima. "Na safari yenyewe ni ndefu?"

"Wazoefu wanasema miezi ya mwanzo ndiyo migumu." Mteja akashusha pumzi. "Dada, naweza kuujaribu?"

Nafasi tupu ilikuwa moja tu, dirishani, kando ya hema la maonyesho. Akavua viatu, akaingia. Kasuku alipogeuka kumweleza habari za zipu, alikuta mwenzake keshafika mbali.

Aliamka saa ya chakula ilipokwisha, akashukuru sana, akasema atarudi kuthibitisha. Kesho yake alirudi. Jana, alisema, hakuupima kwa ubavu wa kushoto. Siku iliyofuata akaupima kifudifudi. Kasuku hakuona ubaya. Mtu anayetafuta usalama wake mlimani haharakishwi.

Isitoshe, wapita njia walianza kuingia kuuliza ni mfuko gani huo unaomwangusha mtu mzima mchana kweupe. Kasuku akauza mmoja, kisha mwingine. Bosi akawa anatabasamu. Lakini tabasamu la bosi halina mizizi. Ilipofika Ijumaa alisimama juu ya kichwa cha mlalaji, mikono kifuani.

"Kasuku, huyu ni mteja au mpangaji?"

"Mteja, bosi. Anajiandaa na safari."

"Basi kesho aje kajiandaa na pochi. Mfuko ule umeshashika harufu yake, nani mwingine ataununua? Asipouchukua, mnaondoka wote wawili. Wewe utambebea begi."

Mteja alipoamka, Kasuku alimweleza ukweli mtupu, machozi yakimlengalenga. Mtu yule akajifuta uso kwa viganja, aibu imemjaa.

"Samahani sana, dada. Kesho utapata mnunuzi. Nakuahidi."

Kesho yake saa ya chakula ilifika, hakutokea. Bosi akatazama saa. Keshia akaacha utani. Kasuku alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake mlango ulipofunguliwa, akaingia mwanamke mwenye kitoto kifuani na kingine mgongoni, vyote viwili vikilia, na blauzi yake kaivaa ndani nje.

"Kasuku ni nani hapa?"

Mke wa mtu akikutafuta kazini kwa jina, hajaja kukusalimia.

"Ni mimi, shemeji. Lakini Mungu shahidi wangu, mume wako alikuwa akijaribu mfuko tu. Wa kupandia mlima."

"Mlima?" Mwanamke alicheka mpaka watoto wakanyamaza kidogo kumshangaa. "Yule ngazi za nyumbani tu anazipanda akihema. Ni upi huo mfuko?"

Kasuku akaunyooshea kidole. Mwanamke akauinua, akaubonyeza, akauacha ufumuke.

"Amesema lazima ununuliwe leo. Sawa, nitaununua. Lakini mimi sinunui kitu kwa sifa za kusimuliwa. Hebu mshike huyu."

Mtoto wa kwanza akatua mikononi mwa Kasuku. Wa pili, bosi hajapata hata pa kukimbilia, akatua mikononi mwa bosi. Mwanamke akavua viatu, akaingia, akavuta zipu.

"Yeye mlikuwa mnamwachia muda gani?"

"Saa nzima," Kasuku alijibu, sauti ikimezwa na kilio.

"Basi mimi niamsheni mkifunga duka," alisema mwanamke, akawageuzia mgongo.