Mkanda wa Mashine

"Ukitoka eda utamkuta mteja gani?" jirani alimwuliza Bi Mishi, mumewe alipozikwa na mashine yao ya kusaga ikafungwa.

Kweli, ng'ambo ya barabara mashine ya Kitwana, mshindani wao, ilinguruma kutwa. Bi Mishi alivuta tasbihi akiwasikia wateja wake wakihamia huko.

Asubuhi moja ngurumo ikakatika. Mtu akakohoa nje ya pazia.

"Hodi, shemeji. Ni Kitwana."

"Leo nimekuwa shemeji?"

"Marehemu nilipigana naye akiwa amesimama. Mlango uliofungwa siupigi."

Akapenyeza chini ya pazia mkanda wa mashine yake, ungali wa moto.

"Tunza. Ukitoka eda, nirudishie tuanze upya."

"Na watu wasage wapi?"

"Watwange. Mikono wanayo."

Bi Mishi akaushika mkanda kwa mikono miwili. Nje, Kitwana alivaa viatu, akaondoka.