Pini Kwenye Mkanda wa Saa

Fundi Shemboza alipomsogelea Mzee Kiango kumpima kifua, mzee alirudi nyuma.

"Hizo pini zimeng'ang'ania nini mkononi mwako?"

"Saa yangu mpya, mzee, hizi zinazopima mapigo ya moyo. Mkanda wake una sumaku, siku hizi sibani tena pini mdomoni."

"Basi usinikaribie nayo. Hapa chini ya ngozi nimewekewa kifaa cha kuuendesha moyo, na sumaku hukivuruga. Daktari kasema ikae mbali, shubiri nzima."

Fundi akatanua vidole, akaitazama shubiri yake. Kisha akaivua saa, akaiweka kwenye cherehani.

"Naweza kukigusa?"

Mzee akafungua kifungo kimoja. Kidole cha fundi kikatulia juu ya kitu kigumu, bapa. Kule kwenye cherehani, taa ya kijani ya saa iliendelea kupepesa, ikitafuta mapigo.