Nukta ya Rangi ya Kucha

Fundi alipoifungua mashine ya kupashia vichanga joto, aliijua kazi ya mikono yake hata kabla harufu ya kuungua haijamfikia.

Pale palipotakiwa kuwa na kidonge cha buluu, kidogo kama kifungo cha shati, kinachomeza umeme ukizidi, palibaki miguu miwili iliyokatwa kwa koleo. Kando yake kulikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha, alama anayoiweka kila amalizapo kazi. Mwaka jana kidonge kiliungua, madukani hakuna, na mashine iliwaka vizuri bila hicho. Akakikata, akanyamaza.

"Jana umeme ulirudi kwa kishindo, mashine ikazima," alisema mkunga aliyeileta pale kwa fundi, mgeni kule zahanati. "Mtoto tukamfunga kifuani kwa mama yake, roho juu. Kuna nini humo, baba?"

"Kuna mtu alikata kinga."

"Mtu gani huyo asiye na haya?"

Kidole gumba cha fundi kilikwenda chenyewe, kikaifunika nukta. "Hawa mafundi wa kubahatisha, dada. Wako wengi."

"Afadhali nimekuletea wewe."

Mkunga akasogeza redio tatu zilizokwisha kutengenezwa pale mezani ili apate pa kuweka mkoba wake, mkono ukasita. Kila redio ilikuwa na nukta nyekundu mgongoni.

Alizitazama moja moja. Kisha akakitazama kidole.

"Hebu kitoe, baba."