Masha, Dume

"Nishikie hivi," Masha alisema, akampitishia dada yake ndara na simu kwenye uzio wa waya. "Nikirudi nataka soda baridi."

"Urudi wa kwanza," Loise akamwambia. "Wa pili anakunywa maji."

"Kwani karatasi ilisemaje, Dada? Mimi ni dume." Akajipiga kifua, vijana wawili nyuma yake wakacheka, akaenda kupanga mstari na wenzake katikati ya uwanja wa Garsen. Makurutu walikuwa wanatafutwa, na kitu cha kwanza ni mbio, mizunguko kumi. Loise aliwahesabu kwa mazoea. Thelathini.

Ile karatasi alikuwa nayo bado, ameifunga kwenye pindo la leso.

Kuhesabu ndiyo kazi yake. Kwao Wenje, msitu wa kando ya mto umekatwakatwa na mashamba mpaka vimebaki vipande, na watu wa utafiti huviita visiwa. Mbega wekundu wa kisiwa kimoja hawavuki shamba la mahindi kwenda kingine. Wanazaana wao kwa wao, na ugonjwa ukishaingia kwenye damu yao hauna pa kutokea. Wawili walikutwa chini ya mkuyu wamekufa, hawana hata mkwaruzo. Ndipo Loise akaajiriwa kukaa chini ya miti tangu alfajiri, awahesabu, asubiri wanye, aokote kinyesi atie kwenye vichupa, kipelekwe maabara kutafutwa jeni mbovu ya moyo.

Cynthia, mwenye utafiti, alimtaka aandike nambari ya kila mbega. Nambari zilimponyoka. Majina hayakumponyoka, basi akawapa mbega majina ya watu wa kwao, hata shangazi yake Mapenzi akanuna miezi miwili kwa kusikia ana jina moja na jike mchoyo wa matunda.

Siku moja, wakifunga vichupa, Loise alimweleza Cynthia habari za nyumbani. Baba alianguka akilima, hakuinuka. Kaka yao Ngala alianguka akicheza mpira, miaka ishirini na miwili. Watu wakasema ni mkono wa mtu.

Cynthia aliweka chini kichupa alichoshika. Kisha akauliza, "Nani amebaki?"

Aliyebaki ni Masha. Cynthia akamleta daktari aliyembandika Masha nyaya kifuani, na mashine ikachora mapigo ya moyo, vilima na mabonde. Daktari aliutazama ule mchoro muda mrefu kuliko alivyopenda Loise. Akasema mchoro peke yake hautoshi, akamtoa damu ipelekwe maabara ileile. "Mpaka majibu yarudi, usikimbie, usibebe mzigo, mpira usiuguse."

Miezi mitano Masha alikaa ndani kama mzazi wa siku arobaini. Vijana wa Wenje wakamwita bibi arusi. Mama alimfichia jembe. Usiku alipokohoa, nyumba nzima iliamka.

Juzi Jumanne utingo wa basi akaleta bahasha. Cynthia humwandikia Loise kwa Kiswahili, maana shule yake iliishia darasa la nane. Ndani mlikuwa na kikaratasi kimoja:

*Masha. Dume. Jeni ya ugonjwa wa moyo haikuonekana.*

Mama alikaa chini palepale mlangoni akalia, mara ya kwanza tangu Ngala azikwe. Masha alikisoma mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

"Dume! Mmeona? Hata maabara wanajua. Nani bibi arusi sasa?"

"Nenda kalitoe jembe nilikolificha," Mama alisema, na machozi yake yakageuka kicheko.

Neno lile, dume, lilimkwama Loise. Cynthia hafanyi mzaha kwenye karatasi. Alitaka kumpigia amuulize, lakini Mama alikuwa anacheka, na kicheko hicho hakikuwa kimesikika ndani ya ile nyumba kwa muda mrefu mno. Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye leso.

Filimbi ikalia.

Vijana walitoka kwa vumbi. Upande wa mbali wa uwanja njia ilipita nyuma ya vichaka vya mathenge, na hapo walipotea machoni kidogo kabla ya kutokea tena. Mzunguko wa kwanza, thelathini. Wa pili, thelathini, Masha wa sita. Wa nne, Masha wa tatu, amevua shati. Wa tano alipita karibu na uzio, akamwonyesha dada yake ishara ya kunywa soda. Loise alicheka peke yake.

Simu yake mwenyewe ikaita. Alikuwa Cynthia. Loise aliipokea bila kuondoa macho kwenye mathenge.

"Loise, hujambo? Ile bahasha ya Jumanne ilikufikia?"

"Ilifika. Asante, mwalimu. Mama alilia."

"Mama?" Cynthia aliuliza. "Nilijua wewe utafurahi. Yule Masha wako wa juu ya miti ni mzima kabisa." Kisha sauti yake ikashuka. "Sasa leo yamefika majibu ya nyumbani kwenu. Uko wapi? Kaka yako yuko karibu?"

Vijana walianza kutokea nyuma ya mathenge. Loise akawahesabu, akawahesabu tena.

Ishirini na tisa.